Fujo ya Mieleka Yenye Mpangilio

Ndugu yangu, umesema kwamba pambano la mieleka linaloingiliwa na kila mtu ni fujo tupu. Kwa maoni yangu, fujo hunoga pale ambapo kila anayeingia ulingoni ana kisasi ambacho watazamaji wanakijua tangu mapema.

Tazama pambano la Vince McMahon, mmiliki wa kampuni ya mieleka ya maigizo ya Marekani, WWF, na mwanawe Shane katika WrestleMania, tamasha kuu la mwaka la kampuni hiyo, ya Aprili 2001, mjini Houston. Refa alikuwa mwanamieleka Mick Foley, ambaye naye alikuwa na lake moyoni. Trish Stratus, hawara wa Vince katika kisa hicho, alimgeuka Vince kwa kofi, Stephanie, binti wa Vince, akamvaa Trish, na Linda, mke wa Vince, ambaye kisa kilidai kwamba amelevywa kwa dawa, aliketishwa kwenye kona ya ulingo ashuhudie mwanawe akipigwa kwa mapipa ya taka, hadi alipoinuka ghafla nyuma ya mumewe na kumpiga teke pasipotajika. Uwanja ulilipuka kwa sababu Linda alikuwa ameketi kimya muda wote huo.

Hapa barazani kwetu Majengo, wazee wasiojua Kiingereza wanaifuata hadithi hiyo bila taabu, kwani kisa cha mume, mke, mtoto na hawara hakihitaji mkalimani. Ufundi wa mieleka yenyewe, nakiri, ulikuwa haba. Ama wavamizi wanaotumwa tu kumnusuru bingwa asishindwe, hao nami siwapendi kama wewe.