Kompyuta ya zamani na Linux: ijaribu kwenye flashi kabla ya kufuta chochote

Utasikia watu wakisema Linux, mfumo endeshi huru unaoweza kuwekwa badala ya Windows, inafufua kompyuta yoyote kuukuu. Kabla hujashangilia, angalia prosesa: ni ya biti 32 au 64? Debian, moja ya matoleo ya Linux na iliyokuwa kimbilio la mashine za zamani kwa miaka mingi, imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32 tangu toleo la 13, lililotoka Agosti 2025. OpenBSD na NetBSD, mifumo mingine huru inayofanana na Linux, bado zinahudumia mashine za biti 32. Usijibu kwa kuangalia Windows iliyomo ndani, maana mashine nyingi za biti 64 ziliuzwa na Windows ya biti 32. Ukiwa kwenye Linux yoyote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lscpu, jibu liko mistari ya juu kabisa.

Pakua toleo la "live" linalowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kuliandika kwenye flashi mimi hutumia dd, amri ya kunakili data moja kwa moja kwenye diski, na hapa naomba utulie. Andika lsblk, inayoorodhesha diski zote, kabla ya kuchomeka flashi, kisha uandike tena baada ya kuichomeka. Jina jipya lililoongezeka, tuseme sdb, ndilo la flashi yako. Ukubwa wake pia utakuonyesha. Ukikosea ukaandika sda, dd haikuulizi mara mbili, inakula diski yako kimya kimya. Na andika sdb tupu, yaani flashi nzima, si sdb1 ambayo ni kipande chake tu.

Ikishawaka, usikimbilie kitufe cha kusakinisha. Unganisha Wi-Fi, cheza video yenye sauti, funga kifuniko ilale kisha uiamshe, gusa vitufe vya mwanga wa skrini. Wi-Fi ndiyo msumbufu mkuu. Andika lspci -k, inayoorodhesha vifaa vya ndani, utafute kadi yako ya Wi-Fi: usipoona mstari wa "Kernel driver in use" chini yake, mashine imeitambua kadi ila haina dereva wa kuiendesha. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, faili za fimwea (programu ndogo ambazo kadi yenyewe huzihitaji ili ifanye kazi) zimo ndani ya kisakinishi, kwa hiyo shida hii imepungua sana. Kwa OpenBSD andaa kebo ya mtandao, kwa sababu fimwea nyingi za Wi-Fi hupakuliwa na amri ya fw_update, nayo inahitaji intaneti kwanza.

Kuhusu mwonekano, chagua Xfce au LXQt, ambayo ni mazingira mepesi ya madirisha na menyu, mengine utajifunza polepole. Kinachomaliza RAM siku hizi ni kivinjari, wala si mfumo wenyewe. Ukiwa na GB 4 na diski ya SSD utafanya kazi bila kununa. Kwa maoni yangu, kung'oa diski ya kuzunguka na kuweka SSD kunazidi ujanja wote wa kupunguza programu. Kama ni GB 1 na haiongezeki, sahau kuvinjari. Isakinishe bila madirisha kabisa, washa SSH (njia ya kuiendesha kutoka kompyuta nyingine), uifanye seva ya kuhifadhi nakala za mafaili yako.