Umri wa Zinj haukupimwa kwa kaboni, wala haukutoka kwenye mfupa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Karatu. Niliwaambia wanafunzi kwamba fuvu la Zinj, yule jamaa wa kale wa binadamu aliyepatikana Olduvai, lilipimwa kwa kaboni 14, likaonekana lina miaka milioni 1.75. Mmoja wao akapiga hesabu, akanibishia kwamba kwa muda wote huo kaboni 14 haiwezi kubaki hata kidogo. Halafu mzazi mmoja ameniletea mfupa uliogeuka jiwe, aliouokota korongoni. Kuna mtu mjini anasema ana mashine ya kupima umri wa mfupa kwa shilingi 150,000. Je, mwanafunzi yuko sahihi? Na mfupa tuupeleke kupimwa?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako yuko sahihi, na naomba umwambie hivyo mbele ya darasa. Kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi iliyomo mwilini mwa kila kiumbe, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 tangu kiumbe afe. Ikipungua hivyo mara kumi, yaani miaka 57,300, inabaki chini ya sehemu moja ya elfu. Tangu Zinj afe, imekatwa nusu mara 305 hivi. Hata dunia nzima, toka milima hadi kiini chake, ingekuwa kaboni 14 tupu, atomu ya mwisho ingeisha kabla miaka milioni moja haijatimia. Kipimo hicho kinafaa kwa mkaa wa mafiga ya kale, mbegu, kitambaa au mifupa isiyozidi miaka 50,000 hivi. Zaidi ya hapo hakina la kusema.

Kosa la kaboni nimelizoea, nalo husahihishwa kwa dakika tano. Linaloniumiza ni lile lililojificha katika swali lako la pili, na nalisikia kila wiki: kwamba umri umo ndani ya mfupa, unangoja mtu mwenye kifaa aje kuusoma. Haumo. Umo ardhini, pale mfupa ulipolala.

Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliliona fuvu la Zinj tarehe 17 Julai 1959. Mumewe, Louis, mwanzoni alilikadiria miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley wakatoa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio yale, na hawakuhitaji kukwangua fuvu. Walipima fuwele za majivu ya volkano kutoka tabaka lilelile. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi ya argoni hutoka kama mvuke kwenye sufuria isiyofunikwa. Ukipoa, fuwele zinajifunga. Kuanzia hapo potasiamu 40, aina ya potasiamu yenye mionzi iliyomo ndani, huanza kugeuka polepole, sehemu yake kuwa argoni, na argoni hiyo haina pa kutokea. Maabara huyeyusha fuwele tena ndani ya chombo kisicho na hewa na kuhesabu gesi iliyokusanyika. Kinachojulikana ni siku volkano ilipolipuka. Mfupa unapata umri kwa kuwa juu au chini ya majivu hayo.

Na hata hapo hatumwamini mpimaji mmoja. Kule Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu linalojulikana kama 1470, chini ya tabaka la majivu liitwalo KBS. Majivu yalikuwa yamepimwa kuwa na miaka milioni 2.6, kwa hiyo fuvu likahesabiwa kuwa la kale zaidi ya hapo. Aliyekataa ni nguruwe. Nguruwe mwitu wa Afrika Mashariki walibadilika haraka katika kipindi kile, gego la mwisho likirefuka kizazi baada ya kizazi, na mtaalamu wa nguruwe wa kale, Basil Cooke, alijua mfuatano huo kutokana na matabaka ya Omo, Ethiopia, yaliyokuwa yamepimwa vizuri. Magego ya chini ya KBS yalilingana na yale ya Omo ya miaka milioni 2 hivi. Mabishano yalichukua miaka. Ikaja kubainika kwamba maji yaliyosomba majivu yale yalichanganya ndani yake punje za miamba ya kale zaidi. Yalipopimwa upya kwa fuwele zilizochaguliwa moja moja, umri ukawa karibu miaka milioni 1.88. Meno ya nguruwe yalikuwa yamesema kweli.

Nimekieleza kisa hiki kirefu kwa sababu darasani mageuko ya viumbe hufundishwa kama hadithi inayosubiri tarehe kutoka kwa watu wa fizikia. Viumbe wenyewe ni saa. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, iliwekwa kwenye miaka kama milioni 150 kwa msaada wa makombe ya amonaiti, jamaa wa pweza waliokufa baharini na kuzikwa katika matabaka yanayopishana na ya mifupa.

Huyo wa mjini ni tapeli. Hakuna kifaa cha mezani unachokielekeza kwenye mfupa wa jiwe kikakupa miaka. Nimewahi kuonyeshwa kimoja; kilikuwa kigunduzi cha vyuma kilichobandikwa karatasi mpya. Wanaoibiwa hela nawahurumia, lakini hasara kubwa zaidi iko kwingine. Mtu akishaambiwa mfupa wake una "miaka milioni kumi", kesho anarudi korongoni na sururu na ndugu zake watatu, wakitafuta wa kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila kibali, ila mtu akifika na sheria mkononi, ukuta umeshabomolewa.

Miaka michache iliyopita niliwekewa mezani taya la nguruwe wa kale lililofungwa kwenye kanga, magego yote yamo. Aliyelileta alitembea siku nzima, kwa nia njema kabisa. Nikamuuliza lilikuwa tabaka gani. "Pale korongoni palipomomonyoka," akasema. Tulirudi naye, na mvua ilikuwa imekwishafagia kila kitu. Taya lile lingetusaidia kupanga umri wa ukuta mzima. Sasa limo kwenye boksi, na mbele ya neno "tabaka" nimeandika alama ya kuuliza.

Kwa hiyo, Mwalimu, usiuoshe mfupa huo, usiupake gundi. Nenda na mzazi huyo wiki hii, kabla ya mvua, akuonyeshe alipouokota. Piga picha ukuta wa korongo, ya karibu na ya mbali, ukiwa umewasha ramani ya simu ili mahali pasomeke. Andika rangi ya udongo, na kama kuna mstari wa majivu ya kijivu juu au chini. Msichimbe. Kisha mpeleke taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya, naye aifikishe kwa watu wa Mambo ya Kale.

Na huyo mwanafunzi mpe hesabu nyingine: potasiamu 40 hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 1.25. Kwa miaka milioni 1.75, ni kiasi gani kimegeuka? Atakuta karibu sehemu moja ya elfu, na katika hiyo ni kama moja tu ya kumi iliyogeuka kuwa argoni. Gesi hiyo kidogo ndiyo Evernden na Curtis waliyoihesabu.