Maswali ya Wasomaji: Picha za Akili Unde Mezani kwa Msanifu

Barua kuhusu programu zinazozalisha picha kutokana na maelekezo ya maandishi zimezidi kutufikia, nyingi zikitoka kwa wasanifu wa michoro, wachapaji na wateja wao hapa Dar es Salaam. Tumechagua tano na kuzifupisha bila kugusa kiini cha swali.

Ndugu Mshauri, nina ofisi ndogo ya usanifu Kinondoni. Mteja anayeuza juisi alitaka bango lenye mandhari ya kituo cha daladala jioni. Nililitengeneza kwa programu ya akili unde, akalipenda sana alipoliona kwenye simu. Lilipochapwa kwa ukubwa wa A2 lilitoka na ukungu, rangi zimefifia, na watu wakaicheka daladala yenyewe. Nifanyeje safari nyingine?

Tuanze na ukungu, kwa kuwa huo una hesabu yake. Programu nyingi za aina hii hutoa picha yenye pikseli 1,024 hivi kwa upande. Kwenye kioo cha simu picha hiyo huonekana kali na iliyoshiba, lakini ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inatosha upana usiofika sentimita 9. Karatasi ya A2 ina milimita 420 kwa 594, na kwa kiwango hicho inahitaji pikseli 4,961 kwa 7,016. Bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linaweza kushushwa hadi nukta 150 na asiwepo wa kulalamika. Zipo programu za kukuza picha, nazo zinasaidia, ila ufahamu kwamba kinachoongezwa hapo kinabuniwa: palipokuwa na doa linalokaribia kuwa jicho patachorwa kope na mboni ambazo hazikuwahi kuwepo, na mkono uliojificha nyuma ya chupa unaweza kuota kidole cha sita. Kwa hiyo picha iliyokuzwa ikaguliwe kwenye kioo kwa ukubwa wake halisi wa asilimia 100, kipande kwa kipande, kabla ya kuondoka mezani kwako.

Rangi nazo zilififia kwa sababu picha hizi huzaliwa katika mfumo wa RGB, yaani mwanga wa kioo, ilhali mashine ya uchapaji hutumia wino wa CMYK, ambao haufikii baadhi ya rangi za machungwa na kijani zinazong'aa. Badilisha mfumo mwenyewe mapema, rekebisha ukiwa unaona matokeo, kisha mwombe mchapaji prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio. Mteja atie saini kwenye prufu, si kwenye simu.

Suala la daladala lina kina zaidi. Nimeiona picha uliyoambatisha: usukani uko kushoto, mlango wa abiria uko kulia, na abiria wanashukia katikati ya barabara. Ubao wa njia una herufi zinazofanana na maandishi lakini hazisomeki, na nyuma ya kituo pamechomoza mbuyu na nyasi za mbugani. Programu haikukosea kwa bahati mbaya. Mifumo hii hufunzwa kwa picha nyingi mno zilizoambatana na maelezo yake. Hazina ya LAION-5B, ambayo sehemu zake zilitumika kufunzia programu ya picha ya Stable Diffusion iliyotolewa mwaka 2022, ina jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maelezo zilizokusanywa kutoka intaneti. Mashine huanza na mchanganyiko wa chembe zisizo na umbo, kisha hupunguza vurugu hiyo hatua kwa hatua ikielekea kwenye kile ambacho mara nyingi huambatana na maneno uliyoandika. Mtaa wa Mwenge saa kumi na mbili jioni una sehemu ndogo sana katika hazina hizo. Mbuga na machweo vina sehemu kubwa. Ukiomba basi la Afrika, utapewa Afrika ya kadi za posta.

Ushauri wangu ni kugeuza utaratibu. Nenda kituoni na kamera, zungumza na dereva na konda, piga picha daladala halisi ikiwa na mstari wake wa rangi na jina la njia. Programu iachie kazi inazozimudu: kurefusha anga ili maandishi yapate nafasi, kuondoa nyaya za umeme zinazokata kichwa cha mtu, kujaribu mwanga wa jioni wa aina tatu kabla hujaamua. Photoshop imekuwa na kifaa cha kujaza sehemu kwa akili unde tangu 2023, na kwa maoni yangu hapo ndipo teknolojia hii inapomfaa zaidi msanifu wa kazi za mtaani kwetu, pengine kuliko katika kuzalisha picha nzima.

Shikamoo Mshauri. Ninamchorea mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo. Sasa anataka kanga zibuniwe kwa akili unde ili tutoe miundo mingi kwa haraka. Nimejaribu, nikapata picha nzuri, lakini kiwandani wamezikataa. Tatizo liko wapi?

Marahaba. Tatizo ni kwamba ulipata picha ya kanga, na kiwanda kilihitaji muundo wa kanga. Wewe unajua, na mnunuzi wa Kariakoo anajua kwa kutupia jicho tu, kwamba kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani msemo wake, ndani ya kisanduku chake chini ya mji. Vyote hivyo hukaa ndani ya kipande kimoja chenye takriban sentimita 150 kwa 110, na vipande viwili vinavyofanana ndivyo vinavyofanya doti. Programu haina habari ya utaratibu huo. Itakuletea pindo pana juu na jembamba chini, pembe mbili zinazolingana na mbili zilizoenda zake, na jina lililoingia mjini. Midjourney, mojawapo ya programu hizi za picha, ina agizo la kuzalisha ruwaza inayojirudia bila kuonyesha kiungo, nalo linafaa kwa kitenge, kwa kuwa kitenge hujirudia kwenye jora lote. Kanga haijirudii hivyo, kwa hiyo agizo hilo halitakuokoa.

Pingamizi la kiwanda, naamini, lilikuwa kwenye rangi. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ni gharama, ndiyo maana muundo wa kanga hutumia rangi chache zilizo bapa na zenye mipaka iliyo wazi. Picha ya akili unde ina maelfu ya vivuli vinavyoyeyukiana. Ukiikuza pembeni mwa ua moja jekundu utakuta wekundu wa kila aina, na kahawia kidogo ambayo hakuna aliyeiomba.

Fanya hivi. Tumia programu kutafuta wazo la mji peke yake: korosho, mananasi, ua, mashua, chochote mteja anachotaka, na uzalishe kwa wingi kwa kuwa hapo wingi ni faida. Chagua moja, iweke chini kama karatasi ya kufuatishia, na uichore upya kwa vekta, yaani mistari inayokuzwa bila kupoteza ukali, ukitumia rangi ambazo kiwanda kimekubali. Chora robo moja tu ya mji, kisha uigeuze upande kwa upande ili ulinganifu uwe kamili. Pindo lichore mwenyewe kuanzia kwenye pembe, kwa sababu pembe ndiyo inayowaumbua wengi. Jina lipige kwa herufi za kawaida baada ya kila kitu kukamilika, na kamwe usiiachie programu iliandike. Hata zile mpya zinazoandika Kiingereza bila shida zinaweza kuvuruga Kiswahili, na methali iliyokosewa herufi moja haitanunuliwa hata kwa nusu bei. Kwa njia hii mfanyabiashara wako hatapata miundo kumi kwa siku kama alivyoota, lakini itakayopatikana itapokelewa kiwandani.

Mshauri, mimi nimeajiriwa katika kampuni ya matangazo Mikocheni. Mteja anataka tumhakikishie kwa maandishi kwamba nembo tuliyomtengenezea kwa msaada wa akili unde ni mali yake peke yake. Je, tunaweza kutia saini?

Msitie saini kwa namna alivyoiandika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamzungumzia mtunzi kama mtu aliyebuni kazi, na iliandikwa kabla programu hizi hazijafikiriwa. Nje ya nchi majibu hayafanani. Nchini Marekani, Ofisi ya Hakimiliki iliamua mwezi Februari 2023 kwamba kitabu kimoja cha katuni kilindwe kwa maandishi na mpangilio wake, lakini si picha moja moja zilizozalishwa na Midjourney; na katika ripoti yake ya Januari 2025 ikaeleza kwamba kuandika maelekezo peke yake hakutoshi kumfanya mtu kuwa mtunzi wa picha. Mahakama ya Intaneti ya Beijing, kwa upande wake, ilimpa haki mtengenezaji wa picha ya namna hiyo Novemba 2023, ikitazama jitihada alizofanya katika kuchagua na kurekebisha. Msanifu wa Mikocheni hawezi kumwahidi mteja uhakika ambao mahakama za dunia hazijakubaliana juu yake.

Kwa bahati nzuri nembo ndiyo kazi rahisi zaidi kuiokoa, kwani nembo nzuri ina mistari michache. Chukueni wazo, lichoreni kwa namna mbalimbali kwa mkono, zitunzeni rasimu zote zikiwa na tarehe, kisha mjenge nembo upya kwa vekta hadi umbo la mwisho liwe limetokana na maamuzi ya mtu. Mteja naye aisajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, kwa sababu ulinzi huo unatazama kama alama inatofautisha bidhaa zake na za wengine, tofauti na hakimiliki inayouliza nani mtunzi. Kabla ya hapo tafuteni kama haifanani na alama ya mwingine. Programu iliyofunzwa kwa picha za dunia nzima inaweza kukuletea sura ya nembo ya watu bila kukuambia.

Jambo moja la kando: picha zinazozalishwa Midjourney huonekana hadharani kwenye tovuti yake, isipokuwa kwa waliolipia kifurushi cha juu chenye hali ya usiri. Bidhaa ambayo haijazinduliwa isipite huko.

Mheshimiwa, shirika letu la Upanga linaandaa ripoti ya mwaka. Hatuna picha nzuri za akina mama tuliowahudumia, na mkurugenzi amependekeza tuzizalishe kwa akili unde. Nina wasiwasi.

Wasiwasi wako una msingi, na ningemwambia mkurugenzi hapana. Picha katika ripoti ni ushahidi, na mama ambaye hajawahi kuzaliwa hawezi kuwa ushahidi wa huduma yoyote. Mwaka 2023 Amnesty International ilitumia picha za akili unde kuonyesha maandamano ya Colombia, ikakosolewa vikali na kuziondoa, ingawa ilikuwa imeeleza wazi kwamba zimezalishwa. Tumieni mchoro unaojulikana kuwa ni mchoro, au picha ya jengo, vifaa, mikono kazini. Na asije mtu akapendekeza kupakia nyuso halisi za akina mama hao kwenye programu ili ziboreshwe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapo, ikiwa ni pamoja na suala la kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Kaka Mshauri, mimi ni msanifu wa kujitegemea Sinza. Wateja wakijua nimetumia akili unde wanataka bei ishuke nusu, nikificha ninajisikia vibaya. Pia kila wakiomba badiliko dogo picha nzima inabadilika. Nipangeje bei?

Usifiche, mteja akigundua mwenyewe, hata kazi uliyoichora kwa mkono ataitilia shaka. Bei usiihesabu kwa picha wala kwa dakika mashine ilizotumia. Ihesabu kwa hatua: mazungumzo ya awali, mapendekezo, usanifu wenyewe, masahihisho, na maandalizi ya faili za kuchapa. Akili unde inafupisha hatua ya pili kweli, na hapo unaweza kumpunguzia mteja kwa moyo mweupe. Hatua ya nne, ukiwa hukujipanga, inairefusha.

Mteja anaposema anataka picha ileile, ila mama asogee kushoto na kitenge kiwe cha bluu, kwake ni badiliko dogo, lakini programu ikipewa maelekezo mapya mara nyingi huanza upya na kukuletea mama mwingine. Kwa hiyo kila picha uliyompelekea mteja itunzie maelekezo yake, namba ya mbegu (ile inayoanzishia picha) ikiwa programu inaitoa, na toleo la programu, kwa kuwa toleo jipya halitakurudishia picha ya zamani hata ukiliandikia maneno yaleyale. Masahihisho yafanye kwa kuchagua eneo husika tu, huku sehemu nyingine ikibaki kama ilivyo. Na afadhali zaidi, zalisha picha ya mama, ya mandhari na ya bidhaa kila moja peke yake, uziunganishe katika leya (tabaka) tofauti. Hapo kumsogeza mtu kushoto kunarudi kuwa kazi ya dakika moja.

Kwenye mkataba ningeandika hivi: "Mandhari ya bango yamezalishwa kwa programu ya akili unde na kurekebishwa na msanifu. Nembo, maandishi na mpangilio vimechorwa na msanifu, na haki zake zitahamia kwa mteja malipo yatakapokamilika. Masahihisho mawili yamo ndani ya bei. Mandhari mapya baada ya mteja kuidhinisha yaliyopo yatatozwa kama kazi mpya." Chukua nusu ya malipo kabla ya kufungua kompyuta.