Nta Haisahau: ushauri kwa wanaoanza kutengeneza mataji na madaraja ya meno

Anayeingia maabara ya meno kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ugumu wa kutengeneza taji, yaani kifuniko kinachovishwa jino, umo kwenye metali au kauri, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye gharama kubwa. Kwa uzoefu wangu, mataji mengi yasiyokaa vizuri kwenye jino huharibika yakiwa bado nta, yaani umbo la kwanza ambalo metali huja kuchukua nafasi yake, kabla hata tanuri halijawashwa.

Nta ya kuundia taji huchanganywa kwa parafini, ambayo ndiyo sehemu kubwa, pamoja na nta ya kanauba inayoipa ugumu. Hutanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa kuliko karibu kila kitu kingine tunachotumia maabara, na kila ukiipinda au kuipasha joto lisilolingana, hubaki na mkazo ndani yake ambao hulegea polepole, umbo likabadilika bila mtu kuligusa.

Jioni moja nilimaliza umbo la nta la daraja la meno matatu, yaani meno bandia yaliyounganishwa kuziba pengo, kingo zikiwa zimekaa sawasawa, nikaliacha juu ya modeli, yaani nakala ya meno ya mgonjwa, hadi asubuhi. Nilipolitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona uwazi mwembamba kama unywele karibu na ufizi, upande wa ulimi. Nililibana kwa kidole likakaa. Nilipoachia, likarudi palepale. Ilinilazimu kulikata katikati na kuliunganisha upya, na tangu siku hiyo silazi umbo la nta: nikimaliza, nalifunika papo hapo kwa plasta ya kalibu, ambayo huganda kuizunguka nta, kisha nta huunguzwa na metali kumiminwa katika nafasi iliyobaki.

Tabaka la kwanza liwekwe nta ikiwa imeyeyuka kabisa ili ishike modeli, kisha uongeze kidogo kidogo, ukisubiri kila tabaka lipoe, kwa sababu ukimimina nyingi kwa pamoja itasinyaa na kujivuta kutoka ukingoni. Mwisho kabisa, yeyusha tena ukanda wa ukingo, kama milimita 1 hadi 2 hivi, uujaze na kuuchonga upya. Hatua hii huchukua dakika chache tu, na wengi huiruka, jambo ambalo hunisikitisha sana.

Kijiti cha kupitishia metali kishikizwe kwenye sehemu nene zaidi ya umbo. Kuhusu plasta ya kalibu, ile yenye jipsi hutumiwa kwa kazi ya aloi (metali zilizochanganywa) za dhahabu, nayo haipaswi kupashwa zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, kwani jipsi huanza kuvunjika na kutoa gesi za salfa zinazoichafua metali. Aloi zinazoyeyuka kwa joto kubwa zaidi zinahitaji plasta ya fosfeti. Aloi ya dhahabu husinyaa takriban asilimia 1.5 inapoganda, na ni kutanuka kwa kalibu ndiko kunakofidia upungufu huo, kwa hiyo pima unga na maji kwa vipimo vya mtengenezaji, usikadirie kwa macho.

Usikusanye vipande vya nta vilivyoanguka mezani ukavirudisha kwenye kazi. Nta safi ikiungua huacha mabaki yasiyozidi asilimia 0.1, lakini iliyoshika vumbi la plasta huacha zaidi, na mabaki hayo huziba vitundu vya kalibu, gesi ikakosa pa kutokea, metali ikashindwa kufika hadi ncha ya ukingo.