Kifua Kilichobonyea: Ushauri kwa Madaktari Wanaoanza Upasuaji Nyanda za Juu Kusini

Ninyi mnaoanza kazi katika wodi za upasuaji za Mbeya, Iringa na Njombe mtawaona watu wenye kasoro za ukuta wa kifua, ingawa wengi wao hawatakuja kwa ajili ya kasoro hiyo. Baridi ya Makete humwezesha kijana kuvaa sweta mwaka mzima, na mara nyingi mzazi hulitambua shimo la katikati ya kifua siku ambayo mwanawe amelazwa kwa nimonia. Mvueni mgonjwa nguo kwa staha, mkiwa mmefunga pazia, kisha mtazameni kwa ubavuni anapovuta pumzi, kwa sababu ukimtazama kwa mbele tu shimo huonekana dogo kuliko lilivyo.

Kasoro inayoonekana zaidi ni kifua kilichobonyea, ambacho hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 300 hadi 400, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Kinachofuata ni kifua cha njiwa, kilichochomoza mbele, ambacho kwa kijana anayekua mara nyingi hurekebishwa kwa mkanda wa kukandamiza bila kisu. Ipo pia hali aliyoieleza Alfred Poland mwaka 1841 huko London, ambapo msuli mkubwa wa kifua hukosekana upande mmoja, pengine pamoja na mbavu, na vidole vya mkono wa upande huo vikawa vifupi au vimeungana. Hata hivyo, kabla hamjaandika kwenye faili kwamba kasoro ni ya kuzaliwa, pitisheni kidole juu ya uti wa mgongo, maana kifua kikuu cha uti na matege ya utotoni hupindisha kifua vilevile, na tiba yake haianzii chumba cha upasuaji. Kijana mrefu mwenye mikono mirefu kupita kawaida apimwe moyo na mshipa mkuu wa damu, kwa kuwa huenda ana ugonjwa wa Marfan, yaani ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu zinazoushikilia mwili.

Baada ya hapo pimeni. Kwenye picha ya CT skani, mahali ambapo shimo lina kina kikubwa zaidi, chukueni upana wa ndani wa kifua na mgawanye kwa umbali kutoka nyuma ya kidari, yaani mfupa wa katikati ya kifua, hadi mbele ya pingili ya uti. Upana wa sentimita 26 ukigawanywa kwa 6.5 unapata 4.0, kifua cha kawaida hukaribia 2.5, na kuanzia 3.25 madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji. Mahali pasipo na CT skani, eksirei mbili, ya mbele na ya ubavuni, hutoa makadirio yanayotosha kuamua nani apewe rufaa. Namba pekee haitoshi, kwa hiyo muulizeni kijana kama anaweza kupanda mlima na gunia la viazi kama wenzake wa rika lake, kwani jibu hilo lina uzito kuliko desimali.

Sasa nije kwenye tiba, na hapa ndipo ninapoona vijana wengi wakivutiwa na mambo mapya kabla ya kuyaelewa ya zamani. Mwaka 1949 Mark Ravitch alieleza upasuaji wa kuondoa magegedu yaliyopinda, yaani ile mifupa laini inayounganisha mbavu na kidari, na kukinyoosha kidari, huku ule utando laini unaolifunika gegedu ukiachwa mahali pake ili ulijenge upya. Utando huo una seli, una umbo, na unapata damu kutoka jirani. Anayeujua vizuri ameshaelewa nusu ya uhandisi wa tishu, yaani ufundi wa kuotesha tishu hai za kuziba pengo la mwili. Ilikuja kuonekana kwamba watoto waliofanyiwa upasuaji huo wakiwa wadogo sana, wakaondolewa magegedu mengi mno, walibaki na kifua kisichokua na mapafu yaliyobanwa. Njia ya Donald Nuss, aliyoianza Virginia, Marekani, mwaka 1987 na kuichapisha mwaka 1998, haikati gegedu: chuma bapa kilichopindwa hupitishwa nyuma ya kidari na kukisukuma mbele, kisha hutolewa baada ya miaka miwili hadi minne. Chuma hicho hupita karibu kabisa na moyo, ndiyo maana wapasuaji hutumia kamera, na ndiyo maana kazi hii haifai kujaribiwa mahali pasipo na timu inayoweza kufungua kifua papo hapo.

Kwa kila kifaa na kila tishu mpya, ulizeni kama kitatembea na pumzi na kama kitakua na mtoto. Mwaka 2015 wapasuaji wa Salamanca, Uhispania, walimwekea mgonjwa wa saratani kidari na mbavu za titani zilizochapishwa kwa mashine. Kwa mtu mzima ni kazi ya kupendeza, lakini titani haikui. Tumaini la uhandisi wa tishu liko hapo hasa, yaani kutwaa seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe, kuziotesha kwenye kiunzi kinachoyeyuka, na kurudisha kitu kilicho hai. Viunzi vingi vimetengenezwa kwa polima za jamii ileile ya uzi unaoyeyuka mnaoushonea kila siku, na tatizo lake mnalijua: uzi ukiyeyuka kabla kidonda hakijashika, kidonda hufunguka. Seli za gegedu nazo zina tabia zake. Zikioteshwa bapa kwenye sahani hupoteza asili yake na kuanza kutoa kolajeni, ile protini inayoshikilia tishu, ya namna nyingine. Tena kwa kuwa gegedu halina mishipa ya damu, kipande kinene hufa katikati.

Kwa hiyo kwa sasa tegemeo letu kwenye pengo kubwa la ukuta wa kifua ni msuli wenye mshipa wake wa damu, hasa msuli mpana wa mgongo. Kabla ya kuupanga, mgeuzeni mgonjwa mtafute kovu la upasuaji wa zamani, na kwa mwenye hali ya Poland hakikisheni kwamba msuli huo upo, kwani wakati mwingine nao hukosekana.

Barua ya rufaa kwenda Muhimbili iandikwe kwa ukamilifu: kipimo cha kifua, hali ya moyo, uwezo wa mapafu, na kama ngozi huwasha kwa hereni au kifungo cha mkanda, maana mwenye mzio wa nikeli, iliyomo katika chuma cha kawaida, huhitaji cha titani. Mgonjwa akirudi na chuma kifuani, andikeni kwenye kadi yake, kwa maandishi makubwa, kwamba moyo wake ukisimama kifua kitahitaji kukandamizwa kwa nguvu zaidi na pedi za mashine ya kuushtua moyo ziwekwe mbele na nyuma. Chukueni namba ya simu ya ndugu wa pili pia, kwa sababu miaka mitatu baadaye, siku ya kukitoa chuma ikifika, huenda namba ya kwanza haipatikani.