Mwanangu, kuhusu ile prep uloniuliza

Mamangu, voisi yako nimeisikiza mara tatu. Wasema huko Atlanta ulienda kliniki kwa ajili ya sindano ya kupanga uzazi tu, daktari akakuuliza kama wataka na prep, ukaona kakuita malaya ukatoka umenuna, na sasa waniuliza mimi kwani waonekanaje.

Huonekani chochote mamangu. Prep ni dawa ya kinga, ya mtu ambaye hana virusi vya UKIMWI na ataka abaki hivyo hivyo, basi. Na huko Marekani wanawake weusi ni kama 13 kwa kila wanawake 100, lakini ukihesabu wanawake wanaopatikana na virusi kila mwaka karibu nusu ni weusi, na wengi wao hakuna daktari aliyewahi kuwatajia hiyo dawa. Wewe umetajiwa. Hao wasioulizwa ndio wananiuma mimi.

Mamako mdogo alikufa 1999, wewe hujazaliwa. Alikuwa na mwanamume mmoja maisha yake yote, mumewe wa ndoa, na mimi ndiye nilomuosha. Kondomu angeanzaje kumuomba mume? Na kitu cha kumeza mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu hakikuwepo.

Nikwambie na jengine ambalo sijawahi kukwambia. Prep ilipoletwa kwenye kliniki zetu hapa Kenya 2017 nilikuwa bado nesi, na miezi ya mwanzo nilikuwa nawauliza wale wasichana "una wapenzi wangapi" na uso nimeukunja, wengine hawakurudi tena. Waliorudi walikuwa wanamimina tembe kwenye tishu wanaacha kikopo pale pale maana kikitikisika kinalia kama cha ARV, zile dawa za wenye virusi, na mama mkwe yuko chumba cha pili. Najuta mpaka leo, kwa hivyo sitaki uso kama ule niliokuwa nao mimi ukuzuie wewe.

Sasa sikiza vizuri. Tembe ya prep iitwayo Truvada Marekani waliikubali kwa kinga tangu 2012, ni kila siku bila kuruka, na kwa mwanamke CDC, wale wa afya ya umma wa Marekani, wanasema yafika nguvu yake kamili baada ya siku kama 21, ile njia ya kumeza siku ya kulala na mtu tu sio ya wanawake. Wakikuandikia Descovy, tembe nyengine ya prep, kataa, ule utafiti uliotumika kuipitisha kwa kinga haukuweka wanawake kama sisi. Mwanzo yaweza kukupa kichefuchefu, kitapita. Kama kumeza kila siku huwezi kuna sindano ya kila miezi miwili, na kuna sindano nyengine, lenacapavir, ya kila miezi sita, hiyo wasichana wa Uganda na Afrika Kusini zaidi ya 2,100 walidungwa na matokeo yalipotoka 2024 hakuna hata mmoja aliyepata virusi, hata mmoja mamangu! Nililia. Marekani wameipitisha Juni 2025.

Kaswende prep haizuii, mimba haizuii. Huyo kijana wako simsemi vibaya, simjui tu, na wewe pia mwamjuana miezi minne.

Rudi kwa huyo daktari. Mwambie akupime virusi kwanza, na figo, na homa ya ini B, na umuulize bima yako, nyingi zatakiwa zilipie. Kisha nipigie, kwako ikiwa saa nne usiku mimi huku nishaamka kuswali.