Kabla hujafungua bolti hata moja ya gari la Safari Rally

Hapa Nairobi kila Datsun 1600 SSS, Peugeot 404 au Ford Escort iliyolala nyuma ya nyumba ya mtu ina hadithi yake. Mwenyewe atakuambia "hii ilikimbia Safari," na kuna mjomba aliyeiona kwa macho yake ikipita Pasaka fulani, vumbi juu. Baadhi ni kweli. Mengi ya hayo magari kazi yake ilikuwa kumpeleka mwalimu shuleni na kumrudisha.

Nimeshiriki kufufua machache, kazi kubwa ikifanyiwa Kariobangi Light Industries, na ushauri wangu wa kwanza huwa ni huu: soma gari kabla ya kulifungua. Inua boneti uangalie pale shoki ya mbele inaposhikana na bodi. Gari la mashindano huwa limeongezewa bati hapo, na mshono umechomelewa wote, kwa sababu zile nukta za kuchomelea za kiwandani hazikuhimili mashimo. Toa kapeti utafute matundu ya bolti za kizimba cha vyuma, kile cha kuwalinda waliomo gari likibingirika. Kwenye dashibodi tafuta alama za mahali ilipokaa mita ya Halda ya kupimia kilomita. Kisha zunguka nyuma. Magari mengi ya Safari yaliwekewa vikanyagio kwenye bampa na vishikio kwenye buti, ili kukiwa na matope msoma ramani atoke, asimame huko na kukandamiza magurudumu ya nyuma kwa uzito wake. Vyenyewe huenda viling'olewa kitambo, lakini matundu yaliyozibwa ovyo hayajifichi. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa: ikikataa kushika, hapo chini ni fila tupu, ile lipu ya kuzibia bodi, si bati.

Ukisharidhika kwamba gari ni lenyewe, kuna swali ambalo watu huliruka: unalirudisha mwaka gani? Mashindano yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida, zile zile za mabasi na ng'ombe. Kulikuwa na miaka ya balaa: 1963 na 1968 waliomaliza walikuwa saba tu, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Mengine yote yaliishia njiani. Lakini kuishia njiani hakukuwa kufa. Gari lilivutwa, likatengenezwa, likauzwa, likaingia tena mwaka uliofuata na rangi nyingine na dereva mwingine. Ile Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo 1965 ilikuwa mtumba, imeachwa huku baada ya mashindano ya 1964. Sasa fikiria imefika mikononi mwako. Ukiirudisha 1964 umeifuta 1965, na hakuna Mkenya atakayekusamehe.

Kwa hiyo nenda kwanza Maktaba ya McMillan pale Banda Street upekue magazeti ya zamani, hasa ya wiki za Pasaka. Picha moja inayoonyesha namba mlangoni na mpangilio wa taa za mbele itakuokolea ubishi mwingi na fundi wa rangi. Na wewe piga zako kila hatua, kila waya, kabla spana haijagusa kitu.

Kutu ya haya magari ina tabia yake. Maramu iliingia kwenye boksi za chini ya milango miaka hiyo na haikutoka. Kila mvua ikinyesha inashika unyevu na kula bati kutoka ndani. Toboa, kwangua, puliza kwa kompresa, na usipake chochote kabla hapajakauka. Tumewahi kutoa udongo wa rangi mbili kwenye Datsun moja, mwekundu juu na mweusi chini, umeganda hadi tukatumia patasi. Fundi wa bodi akaniuliza, "Boss, na hii bonde ya fenda, tunanyoosha ama tunaweka fenda ingine?" Nilimwambia aiache. Kwenye picha ya gazeti bonde hilo lilikuwepo tayari. Panapobeba uzito, badilisha bati bila huruma. Panapobeba historia tu, safisha upake kinga. Najua wapo wanaotaka gari ling'ae kama la showroom. Basi wanunue la mwalimu, linafaa zaidi kwa hiyo kazi.

Injini iliyolala miaka usiipige stata. Toa plagi, tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale, kisha zungusha kwa mkono. Kwenye giaboksi uliza oili ya daraja la GL-4. Nyingi za GL-5 zina dawa ya salfa inayokula shaba ya ringi za gia, na kwa Peugeot 404 ni hatari zaidi ikiingia kwenye difu, kwa sababu gia kubwa ya difu yenyewe ni ya shaba.

Logbuku nayo isome ukiwa umepiga magoti. Namba ya chesisi kwenye karatasi ilingane na ile iliyogongwa kwenye chuma. Namba ya injini ikitofautiana si ajabu kwa gari la mashindano, injini zilibadilishwa sana, lakini muuzaji aweze kueleza, na marekebisho yafanyike kwa jina lake kabla hujamtumia hata shilingi ya deposit.